Walionijibu kuhusu maisha ya Uingereza, nami naomba niwajibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu waliojibu barua yangu. Ile ya kwanza uliichapa mwezi Septemba. Nilieleza maisha ya kazi ya kuhudumia wazee hapa Leicester, Uingereza, ninakoishi tangu mwaka 2004, nikasema kijana mwenye shughuli yake nyumbani, hata ikiwa ndogo, asiuze shamba la urithi ili amlipe wakala ampeleke Ulaya. Nilitaja mshahara wangu, kodi ya chumba changu na kinachobaki. Sikudhani kwamba hesabu za mtu mmoja zingewaudhi watu wengi kiasi hiki. Umechapa barua nne za kunipinga, na maneno mengine yamenifikia kwa simu, mengine kupitia ndugu, mengine kutoka kwa watu tusiojuana kabisa.

Yote nimeyasoma na kuyasikiliza. Mengine yamenifunza. Moja limeninyima usingizi.

Nianze na kijana wa Mwanza. Ameandika kwamba ana shahada, ana miaka minne mitaani akigawa bahasha za maombi ya kazi, na kwamba mimi ndiye yule mwenye shibe asiyemjua mwenye njaa. "Umekula, umeshiba, sasa unatuambia chakula kina mchanga." Mwanangu, hapo sina ubishi. Nilipoondoka Muheza, mkoani Tanga, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwajiriwa wa serikali, na mshahara ulikuwa mdogo lakini ulikuwa unaingia. Sijawahi kukaa hata mwaka mmoja bila kazi. Sijui usingizi wa mtu mwenye cheti kabatini na mfuko mtupu ukoje. Wala siwezi kusimama mbele ya mtu nikasema Uingereza haikunipa kitu. Imesomesha wanangu watatu. Imeezeka nyumba ya mama yangu kwa bati na kumlipia dawa za shinikizo la damu mpaka siku anafariki. Haya niliyapita haraka mno katika barua ya kwanza, na aliyeisoma ana haki ya kudhani ninakitukana chungu kilichonipikia.

Lakini hesabu zangu hukuzigusa, na hizo ndizo nilizozileta. Naomba nizirudie, safari hii bila kuruka kitu.

Kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara hapa, kwa mtu wa miaka 21 na zaidi, kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na hesabu zangu ni za mshahara huo. Nikifanya saa 37 na nusu kwa wiki, wakishakata kodi ya mapato, bima ya taifa na pensheni, naona mkononi kama pauni 1,660 kwa mwezi. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni tano, na najua mtu wa Muheza akisikia milioni tano anashika kichwa. Sasa zitoe. Chumba ninachopanga, chumba kimoja katika nyumba tunayokaa watu watano tukichangia jiko na bafu, ni 575 pamoja na umeme na gesi. Bima ya gari 95. Mafuta 120, na msiseme gari ni anasa, kwani kazi yangu ni ya kuzunguka nyumba kwa nyumba na bila gari huipati. Chakula 200, tena cha mtu anayejua duka gani linauza unga na mihogo kwa bei nafuu. Simu 15. Nyumbani natuma 400, na haijapungua tangu mwanangu wa pili aingie chuo. Inabaki 255. Hapo sijanunua kiatu wala koti la baridi, sijaweka akiba ya nauli ya kwenda Dar, hakuna aliyefiwa na hakuna anayeoa. Nanyi mnaijua michango. Mwezi wenye harusi mbili na msiba mmoja, ile 255 ni kama haikuwepo.

Tena hizo saa 37 na nusu siyo saa za kutoka nyumbani mpaka kurudi. Ni saa za kuwa ndani ya nyumba ya mzee. Natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, narudi saa nne usiku. Katikati nalipwa dakika 30 hapa, dakika 45 pale. Kwa mwajiri niliyekuwa naye miaka mingi, muda wa kuendesha gari kutoka kwa mzee mmoja hadi kwa mwingine haukulipwa kabisa. Mwezi wa kumi na mbili jua la hapa huzama kabla ya saa kumi jioni. Mzee wa mwisho ananisubiri saa tatu usiku, kati yake na aliyemtangulia kuna saa moja na nusu, na kurudi chumbani kwangu kisha kutoka tena ni kumaliza mafuta. Basi najifunika blanketi ndani ya gari, injini nimezima. Haya ndiyo niliyoyaandika. Sikusema ni mateso, maana nimeyachagua. Nilisema anayetaka kuja aje anayajua.

Dada mmoja muuguzi aliyeko Reading amenikosoa kwa adabu, na namshukuru. Amesema nimewatia watu wote kapu moja. Yeye ni muuguzi aliyesajiliwa, mumewe ni mhandisi, wana nyumba yao na watoto wao wako nao, na barua yangu iliwafanya ndugu zake wa Moshi wampigie simu kumuuliza kama anakula. Ni kweli, dada. Mwenye taaluma yake inayotambulika hapa anaishi maisha mengine. Mimi nilikuwa nawazungumzia watu wa cheti cha kidato cha nne wanaopitia kwa mawakala, na ilinipasa kulisema hilo katika mstari wa kwanza. Pia amenisahihisha jambo la sheria. Niliandika kwamba wahudumu wa wazee hawaruhusiwi kuja na mke, mume wala watoto, kana kwamba ilikuwa hivyo siku zote. Katazo hilo lilianza tarehe 11 Machi 2024. Waliokuja kabla ya hapo, tangu kazi hii ifunguliwe kwa watu wa nje mwanzoni mwa mwaka 2022, wengi walikuja na familia zao kihalali. Nilikosea, na kosa langu lingeweza kumfanya mtu mkweli aonekane mwongo kwa ndugu zake. Naomba radhi.

Sasa swali lililoulizwa katika barua tatu kati ya nne, na karibu katika kila simu. Kama ni kubaya, mbona hurudi?

Nina miaka 54. Pensheni ya serikali ya hapa, kwa mtu wa rika langu, huanza nikitimiza miaka 67. Ili kuipata nzima unatakiwa uwe umechangia miaka 35. Mimi nina ishirini hivi. Nikiondoka leo nitapata kipande, na nikiipokelea Tanzania haitapanda kila mwaka kama inavyopanda kwa anayeishi hapa, kwa sababu Tanzania haimo katika nchi ambazo Uingereza huzipandishia. Kiwango nitakachoanza nacho ndicho nitakachozikwa nacho. Na huko nyumbani utumishi wangu wa ualimu ulikatika mwaka 2004, hakuna kiinua mgongo kinachonisubiri. Hiyo ndiyo sababu inayoweza kuandikwa kwenye fomu.

Ipo nyingine. Mtu aliyekaa Ulaya miaka 20 akirudi na begi moja, pale kwetu anaitwa nani? Mwaka 2011 mwenzetu mmoja tuliyekuwa tukibeba naye maboksi ghalani alichoka, akarudi kwao mkoa wa jirani. Hakufukuzwa, hakuugua, hakufungwa. Alichoka tu. Ndani ya mwezi mmoja tukaanza kusikia kwamba alikuwa jela, kwamba ameleta maradhi, kwamba wenzake wamejenga yeye alikuwa akinywa. Alihama mtaa. Wanaoniambia "rudi" wangenisaidia sana kama wangetuambia pia watatupokea vipi.

Na kuna la familia, ambalo katika barua ya kwanza sikuligusa kwa sababu linaniuma. Mke wangu yuko Muheza. Nilipopata ukaazi wa kudumu mwaka 2015, kumleta mwenzi kulihitaji kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, na zaidi kwa kila mtoto. Mwaka 2024 kiwango kikapandishwa hadi 29,000. Mshahara wa mtu anayeosha wazee haukuwahi kufika pa kutuweka sote pamoja, si wakati ule, si sasa. Katika miaka 21 nimekwenda nyumbani mara saba. Mwanangu wa mwisho, ukijumlisha likizo zote, nimeishi naye miezi kumi. Ananiita baba kwa heshima zote, kwenye simu tunaongea vizuri. Lakini nikiwa nyumbani, akitaka ruhusa ya kwenda mahali anamwomba mjomba wake, mbele yangu, na wala hajui kama amefanya jambo. Naye hana kosa. Aliyekuwepo siku zote ndiye anayeombwa.

Yupo aliyeandika kwamba mimi ni Mwingereza sasa, nisiwashauri Watanzania. Pasipoti yangu ni ya Tanzania. Mtu mzima wa kwetu akichukua uraia wa nchi nyingine anaupoteza wa kwake, tofauti na wenzetu wa Kenya ambao Katiba yao ya 2010 iliwaruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Na Sheria ya Ardhi, ilipopitishwa mwaka 1999, haikumpa asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji. Mimi nina eka tatu za michungwa alizoniachia baba yangu. Ndizo zilizonifanya nisijaze fomu ya uraia miaka yote hii, ingawa ingenirahisishia mengi.

Nije kwa ndugu yangu wa Birmingham. Huyu hakuandika, alinipigia saa tano usiku. Nitamheshimu, sitasema zaidi ya hapo kuhusu yeye. Alisema, "Kaka, umetuvua nguo. Nyumbani wanajua tuko maofisini. Mwanaume mzima unaandika gazetini kwamba unasafisha vikongwe?" Na baada yake wengine wawili wakasema hivyo hivyo kwa maneno laini zaidi. Hili nitalijibu kwa urefu.

Leicester ina Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Mmoja wa wazee ninaowahudumia alizaliwa Jinja. Ugonjwa wa kusahau umemla Kiingereza chote. Kimebaki Kigujarati cha mama yake, na Kiswahili cha dukani na jikoni. Wahudumu waliotangulia aliwakataa. Alikuwa akiwapiga mikono, akilia, na katika kitabu cha taarifa waliandika kwamba ni mkorofi. Siku yangu ya kwanza niliingia nikamwambia, bila kufikiri, kama ambavyo ningemwambia mzee yeyote wa Muheza, "Shikamoo mzee. Maji ya moto yapo, tukaoge." Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Polepole."

Tangu siku hiyo tunaoga polepole. Namwambia inua mkono, anainua. Namwambia maji yanakuja kichwani, anafumba macho. Akimaliza nampaka mafuta miguuni, kwa kuwa ngozi ya mzee ikikauka inapasuka, na kidonda cha mzee asiyetembea kinaweza kumuua. Namgeuza, naangalia visigino, makalio, mabega, kama kuna wekundu. Nikiona wekundu naandika na kumpigia muuguzi. Naangalia kama amekojoa na mkojo una rangi gani. Nampa dawa, natia sahihi. Mtu anayesema hii ni kazi ya kusafisha tu hajawahi kuifanya. Kuna kumnyanyua mtu kwa mashine bila kumtisha. Kuna kumvalisha shati mtu ambaye mkono mmoja umekufa, ukianza na mkono upi. Nilisomea ualimu miaka miwili, na nasema bila kusita kwamba hii ni ngumu kuliko kufundisha darasa la watoto 80.

Baba yangu aliugua mwaka 2013. Makaratasi yangu yalikuwa Uhamiaji, na ukitoka nchini wakati ombi liko huko unakuwa umelifuta mwenyewe. Sikwenda. Aliyemwosha baba yangu mpaka siku ya mwisho ni shemeji yangu, mume wa dada. Nilimtumia hela. Kwa hiyo ndugu yangu, usinipigie usiku kuniambia kuosha mzee ni kuvuliwa nguo. Mimi niliyeshindwa kumwosha wangu najua thamani ya anayemwosha.

Isitoshe, hiyo ofisi tunayoisingizia ina gharama, na hatuilipi sisi. Kijana aliyeko Muheza akiamini kwamba mjomba wake yuko ofisini, atapiga hesabu zake kwa mshahara wa ofisini. Atauza kwa hesabu hizo. Atakopa kwa hesabu hizo.

Na hapa ndipo nilipokuwa nikipaogopa tangu nianze barua hii.

Neno lililoninyima usingizi halikuja kwako, Mhariri. Lilikuja kwa sauti ya WhatsApp kutoka kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Yeye ni dereva wa bodaboda. Gazeti alilikuta kijiweni, mmoja akawa anawasomea wenzake kwa sauti, naye akajua ni mimi kabla hawajafika mwisho. Alisema, "Shikamoo mjomba. Barua nimeisikia. Umeandika kwamba watu huko Ulaya wanatuma picha za kudanganya. Watu gani, mjomba?" Kisha akanyamaza kidogo, nikisikia pikipiki zikipita, akasema, "Haya, kazi njema," akakata.

Julai 2022 nilikuwa namhudumia mzee mmoja Oadby, kitongoji cha watu wenye uwezo pembeni mwa Leicester. Nyumba ya matofali mekundu, ya ghorofa, waridi zimechanua mlangoni, gari jeusi la mwanawe limeegeshwa uani. Siku ya jua. Nilivua aproni ya plastiki, nikamwomba mwenzangu anipige picha. Kanuni za kazi zinakataza, na nilijua. Nikaituma kwenye kundi la familia. Sikuandika kwamba ni kwangu. Wala sikuandika kwamba si kwangu. Chini yake niliandika "Mungu ni mwema." Dada yangu akauliza, "Ndiyo kwako hapo?" Nikamrudishia kikaragosi cha kucheka.

Mwaka uliofuata mpwa wangu alinipigia. Alikuwa na pikipiki yake mwenyewe, haidaiwi, na eka mbili za michungwa alizopewa na babu yake, yaani baba yangu, zinazopakana na zangu. Akaniuliza, "Mjomba, hizo kazi za kea huko zipo?" Kea ndiyo hii ya kuhudumia wazee. Nikasema zipo, maana zilikuwepo. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza. Sikumwambia kwamba barua ya udhamini hutolewa na mwajiri na mfanyakazi hapaswi kuinunua. Sikumwambia kwamba ada ya visa yenyewe wakati ule haikufika pauni 300, ambazo hazikufika shilingi milioni moja. Sikumuuliza pesa atatoa wapi. Alimlipa wakala wa Dar es Salaam milioni 16. Aliuza pikipiki, aliuza eka mbili, na zilizopungua akakopa.

Alifika Desemba 2023. Nilimpokea kituo cha mabasi cha St Margaret's usiku, ana koti jepesi la mtumba la kwetu, nikampeleka chumbani kwangu mtaa wa Highfields. Alisimama mlangoni na begi lake, akatazama kitanda, akatazama dirisha, akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaibisha mkubwa wake, "Mjomba, ile nyumba iko wapi?"

Mwenye nyumba wangu haruhusu mgeni zaidi ya siku mbili. Siku ya tatu nikampeleka kwenye nyumba ya kampuni iliyomleta, mji mwingine, watu wanane vyumba vitatu. Alikuwa ameahidiwa saa 39 kwa wiki. Alipata kumi, wiki nyingine kumi na mbili, wiki nyingine hakuna. Majira ya joto 2024 kampuni ile ikanyang'anywa leseni ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje, na yeye akapata barua ya kumpa siku 60 atafute mwajiri mwingine au aondoke. Nilimwendesha kwenye usaili Derby, Nottingham, Coventry. Kila mahali walitaka mwenye leseni ya udereva ya hapa, au mwenye uzoefu wa mwaka. Alirudi nyumbani na begi lile lile. Sasa anaendesha pikipiki ya tajiri na kila jioni anapeleka hesabu. Akipita kwenda shambani kwangu anaiona michungwa iliyokuwa yake ikichumwa na mtu mwingine.

Katika barua ya kwanza nilimtaja kama "kijana mmoja ninayemfahamu." Ndivyo nilivyoandika.

Kwa hiyo walioniuliza kwa nini naandika sasa, baada ya miaka 21 ya kunyamaza, jibu ni hilo. Na walioniambia nawazibia vijana riziki, nawaomba wajue jambo hili kabla hawajampa mtu yeyote senti moja: tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imeacha kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje. Waliomo ndani ya nchi na vibali vyao wana utaratibu wao, lakini kijana aliyeko Tanga leo hawezi kuombewa visa ya kazi hiyo. Pamoja na hayo, wiki mbili zilizopita nilionyeshwa tangazo linalozunguka kwenye simu za watu wa Muheza likiuza nafasi za kea Uingereza, tanguliza nusu. Kuna picha juu yake. Mwanamke anatabasamu mbele ya nyumba ya matofali mekundu. Kwa kazi nyingine zinazoruhusiwa, orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini imewekwa wazi kwenye intaneti na serikali ya Uingereza, bure, na jina la kampuni kuwemo pekee hakutoshi. Piga simu, uliza saa za kazi, uliza utalala wapi. Kama una mjomba huku, muulize analala wapi yeye.

Mpwa wangu namsaidia apate pikipiki yake. Tumefika nusu ya bei. Eka zile aliyezinunua hauzi, nimemfuata mara mbili.

Imebaki ile picha. Dada yangu aliipeleka studio wakati ule, akaisafisha kubwa, akaitia fremu, na mpaka leo imetundikwa sebuleni kwake juu ya televisheni. Nimemwomba aishushe. Amekataa, anasema wageni wameizoea. Basi mwezi uliopita nimepiga nyingine, hapa chumbani. Kinaonekana kitanda, sare ya kazi nyuma ya mlango, sufuria zangu mbili chini ya dirisha kwa kuwa zikikaa jikoni zinatumiwa na kila mtu, na mimi nimekaa pembeni ya kitanda kwa sababu kiti hakuna. Nimemtumia mpwa wangu, nikamwambia aipeleke studio ile ile. Jana amenijibu kwamba imeshasafishwa, ukubwa sawa na ile ya kwanza. Fremu ni shilingi elfu kumi na mbili, ameomba nimtumie.

Mwalimu wa zamani wa Muheza,
Leicester, Uingereza